Amri ya sauti inagoma: tafuta kosa kwa dalili

Malalamiko kuhusu amri za sauti za kujitengenezea, yaani maneno unayoifundisha kompyuta ili ukiyasema ifanye kazi fulani, yanafanana sana. "Nimeitengeneza vizuri, nimeihifadhi, naisema, haifanyi." Mtu akifika hapo hukimbilia kununua maikrofoni mpya, au hufuta amri na kuiandika upya vilevile ilivyokuwa, kisha anashangaa inagoma tena. Mara nyingi maikrofoni haina kosa. Kosa liko kwenye jina ulilolipa amri, au kwenye programu ambayo amri imefungwa ifanye kazi ndani yake tu.

Kwa hiyo kabla hujagusa chochote, soma mashine imesikia nini. Programu za kuiongoza kompyuta kwa sauti huyaandika maneno zilizoyasikia. Voice Access ya Windows 11 huyaonyesha kwenye upau wake wa juu ya skrini. Dragon ina orodha ya maneno iliyoyatambua hivi karibuni, ambayo hufunguka ukisema "show recognition history". Voice Control ya Mac huyaandika kando ya kidirisha chake kidogo cha maikrofoni. Sema amri yako mara chache huku macho yakiwa hapo. Utakuta hakuna kilichoandikwa, au kimeandikwa kitu kingine, au kimeandikwa sawasawa lakini kazi haikufanyika. Hayo ni magonjwa matatu, na dawa ya moja haitibu jingine.

Mwongozo huu unahusu programu hizo tatu. Amri za kujitengenezea ziliingia Voice Access mwaka 2024. Voice Control ya Mac na iPhone inazo tangu 2019. Dragon inazo kwa miaka mingi zaidi, na kwa kazi nzito unahitaji toleo la Professional. Majina ya vitufe nimeyaacha kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo utakavyoyaona.

Hakuna kinachoandikwa kabisa

Sababu inayoongoza ni ya kuchekesha: programu imelala. Voice Access ina hali tatu, yaani kusikiliza, kulala na maikrofoni kuzimwa. Ikiwa imelala haitekelezi amri yako, inangoja tu uiamshe. Sema "voice access wake up", au bonyeza Alt, Shift na B kwa pamoja. Ikiwa maikrofoni imezimwa kabisa hutaiamsha kwa maneno; bofya alama yake kwenye upau.

Sababu ya pili ni kusikiliza kupitia maikrofoni nyingine. Umevaa hedifoni, lakini kompyuta imechagua maikrofoni ya kamera iliyo juu ya skrini. Ingia Settings, System, Sound, kisha sehemu ya Input. Usikisie kwa majina, maana mara nyingi yanafanana. Kwaruza maikrofoni uliyovaa kwa ukucha na utazame kipimo cha sauti. Kikiruka, ndiyo yenyewe. Kisiporuka, kwaruza fremu ya laptop karibu na kamera, utajua ni ipi inayosikiliza.

Kisha angalia ruhusa. Chini ya Privacy & security kuna Microphone; hakikisha ruhusa imewashwa kwa programu unayoitumia. Kwenye Mac ni Privacy & Security vilevile. Angalia pia kama kuna mkutano wa video uliouacha wazi nyuma. Programu nyingine huishika maikrofoni peke yake na kuzinyima zingine.

Mwisho kabisa ndiyo uwaze kifaa kibovu. Chomeka maikrofoni hiyohiyo kwenye kompyuta nyingine au simu. Ikinyamaza na huko, imekufa. Ikifanya kazi huko na kwako inakataa hata baada ya kubadilisha tundu, simama hapo. Kama kompyuta ni ya ofisi, huenda maikrofoni imefungwa na sera za idara ya TEHAMA, na kuhangaika kwenye rejista ya Windows kutakuletea kesi badala ya amri.

Imesikia kitu kingine

Hapa ndipo sisi wasemaji wa Kiswahili tunapoteseka kuliko wengine, hivyo tukae kidogo.

Sababu ya kwanza ni kwamba unaiamuru kwa lugha isiyoijua. Voice Access, Dragon na Voice Control hazina Kiswahili. Kibodi ya Google inaandika Kiswahili kwa sauti tangu Agosti 2017, lakini kuandika maandishi ni kazi moja na kutengeneza amri za kompyuta ni kazi nyingine. Ukiipa amri jina la "fungua barua", injini ya Kiingereza, yaani sehemu ya programu inayotambua usemi, inalisoma jina hilo kwa kanuni za tahajia ya Kiingereza, kisha inakaa kungoja matamshi ambayo hutayatoa maisha yako yote.

Kuna njia ya kuzunguka. Fungua Notepad, washa imla (kuandika kwa kusema), sema neno lako la Kiswahili mara kadhaa na utazame linavyoandikwa. Sema "karibu", na kuna uwezekano mkubwa utaona caribou, yule mnyama mwenye pembe wa Amerika Kaskazini. Basi iandikie amri jina hilo, wewe endelea kusema "karibu" yako. "Safari" limo tayari kwenye kamusi ya Kiingereza, halihitaji hila. "Jambo" huelekea kuwa jumbo. Sharti ni moja: neno litoke lilelile kila unapolisema. Likitoka leo hivi na kesho vile, achana nalo, hata kama ulilipenda. Maneno yenye mw, ny na ng' mwanzoni huwa hayatulii kabisa.

Kwenye Dragon kuna hatua zaidi. Kihariri cha amri kina kitufe cha Train, unatamka jina la amri na injini inajifunza sauti yako halisi. Na kwa majina ya watu na mahali unayoyaandika kila siku, kihariri cha msamiati kinakubali neno liandikwe kwa namna moja na litamkwe kwa nyingine: unaweka Mwanaisha kwenye umbo la kuandikwa na "mwana isha" kwenye umbo la kutamkwa.

Sababu ya pili ni irabu. Sisi tunazo tano. Kiingereza cha Uingereza huhesabiwa kuwa na sauti za irabu zipatazo 20. Tukisema cat, cut na cart, kwa wengi wetu zote zinatoka "kat". Ship na sheep zinakuwa pacha. Kwa baadhi yetu, kutegemea lugha ya nyumbani, r na l nazo hubadilishana viti. Injini imefunzwa kutenganisha vitu ambavyo kinywa chako hakivitenganishi, na katika neno moja fupi haina kingine cha kushikilia.

Dawa yake si kujilazimisha kuongea kama mtangazaji wa London. Badilisha jina. Jina zuri la amri lina maneno mawili hadi manne, silabi nyingi, na konsonanti zinazosikika wazi. "Monthly report template" itasikika kwa lafudhi yoyote ya Tanga au Kisumu. "Cut sheet" haitasikika, au itasikika kama kitu ambacho hutaki kionekane kwenye skrini mbele ya bosi.

Sababu ya tatu ni amri mbili zinazofanana. Mtu ana "open letter", wiki inayofuata anatengeneza "open ledger", kisha analalamika kwamba kompyuta imechanganyikiwa. Ukiwa na amri nyingi, zisome zote kwa sauti mfululizo. Zile ambazo wewe mwenyewe unazisikia zikikaribiana, moja ibadilishe.

Ya nne ni kuongea polepole mno. Watu wakishindwa hukata maneno silabi moja moja, kama wanamfundisha mtoto kusoma. Injini hizi zimefunzwa kwa usemi wa kawaida. Ukikatakata unaziharibia zaidi. Ongea kwa mwendo wako.

Kama bado, jaribu kubadilisha aina ya Kiingereza. Voice Access inakubali cha Marekani, Uingereza, India na vinginevyo. Wengi huacha cha Marekani kwa sababu ndicho kilichokuja na kompyuta, ilhali matamshi tuliyofundishwa shuleni yako karibu zaidi na ya Uingereza. Jaribu siku nzima kabla ya kuhukumu.

Inaandika maneno ya amri badala ya kutekeleza

Umesema "insert office address" na maneno hayohayo yamejiandika katikati ya barua. Hii ni habari njema, maana imesikia vizuri.

Mara nyingi hukupumzika. Dragon hutenganisha amri na imla kwa ukimya kidogo kabla na baada. Ukiunganisha amri na sentensi, inaichukua kama sentensi. Nyamaza kidogo, sema amri yote kwa pumzi moja, nyamaza tena. Kusitasita katikati ya amri nako kunaikata vipande. Ukitaka kuhakikisha, shikilia kitufe cha Ctrl unapoongea: Dragon italazimika kuyachukua maneno kama amri. Ukishikilia Shift, itayachukua kama imla.

Kwenye Voice Access, angalia uko hali gani. Ukiwa kwenye hali ya imla peke yake, amri nyingi zinageuka maandishi. Sema "switch to default mode", au "switch to commands mode" kama huna haja ya kuandika.

Baada ya hapo linganisha herufi. Jina ulilohifadhi ni "e-mail heading" na upau unaonyesha "email heading", au umeandika tarakimu na mashine inaandika neno. Hariri jina lifuate mashine inavyoandika. Hapa usishindane nayo.

Asubuhi ilisikia vizuri, mchana haisikii

Amri ni ileile na sauti ni ileile, kwa hiyo kilichobadilika ni mazingira au kifaa. Feni imewashwa na inapuliza moja kwa moja kwenye maikrofoni. Mvua imeanza kupiga bati. Jirani kawasha jenereta. Kwa kelele ya namna hii maikrofoni ya laptop haina msaada. Tumia ya hedifoni yenye mkono, uiweke pembeni ya mdomo, umbali wa vidole viwili hivi, isiwe mbele ya pumzi yako. Dragon uiambie ipime upya sauti ya maikrofoni ukiwa kwenye kelele hiyohiyo, badala ya kupima usiku watu wamelala na kuitumia mchana.

Mtuhumiwa mwingine ni hedifoni ya Bluetooth. Inapotumika kusikiliza muziki tu, sauti ni safi. Maikrofoni yake ikianza kutumika, hedifoni nyingi huhamia mtindo wa simu, na sauti yako inabanwa. Kwa hedifoni za zamani inashuka hadi sampuli 8,000 kwa sekunde, ilhali injini nyingi za utambuzi hutarajia 16,000. Herufi s, f na sh ndizo zinazoumia kwanza. Jaribio ni rahisi: fanya kazi saa moja kwa maikrofoni ya waya ya USB, hata ya bei ya chini. Tatizo likiisha, umejua.

Halafu kuna chaja. Hii nimeiona nyumba nyingi kuliko nilivyotarajia: laptop ikiwa kwenye betri amri zinakwenda, ukichomeka chaja zinaanza kukosea, hasa kwa maikrofoni ya pini ndogo ya duara. Rekodi sauti yako kidogo chaja ikiwa ndani, kisha ikiwa nje. Ukisikia mvumo mzito kwenye rekodi ya kwanza, umeme unaingia kwenye waya wa maikrofoni. Kuhamia maikrofoni ya USB mara nyingi kunatosha.

Lakini ukigusa bodi ya chuma ya laptop au kichwa cha hedifoni na kuhisi unatekenywa na umeme, acha hapo. Vua hedifoni, zima swichi ukutani, chomoa chaja. Huenda soketi haina waya wa ethi, au chaja ni mbovu. Usilifunike tatizo hilo kwa adapta ya pini mbili wala kwa kuvaa ndala. Ita fundi umeme mwenye leseni aipime soketi, na chaja ibadilishwe. Amri za sauti zinaweza kungoja.

Word inatii, kwingine inakataa

Karibu mara zote ni mahali ulipoifungia amri. Dragon inakuuliza amri iwe ya kila mahali, ya programu moja, au ya dirisha moja. Ukiitengeneza Word ikiwa mbele, ni rahisi kuifungia Word bila kujua. Voice Control ina mstari wa kuchagua programu, ambao unaweza kuwa wa programu yoyote au wa moja tu. Fungua amri, soma mstari huo, badilisha. Kazi ya dakika moja.

Ikiwa mstari uko sawa na bado dirisha moja tu linakataa, huenda programu hiyo imefunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi. Tangu toleo la Vista, Windows inazuia programu ya kawaida isitume vitufe kwenye dirisha lenye mamlaka makubwa. Ni ulinzi wa makusudi. Funga programu hiyo na uifungue kwa njia ya kawaida. Usiwashe kila kitu kama msimamizi ili amri zipite, maana utakuwa umewafungulia na wengine mlango huo.

Programu za benki na mifumo inayofunguliwa kupitia kompyuta ya mbali ni habari nyingine. Huko vitufe hupita mtandao na vingine hupotea njiani. Hapo muone msimamizi wa mfumo.

Inaanza vizuri, inaishia katikati

Amri ya hatua nyingi: fungua programu, bonyeza Ctrl na N, andika kichwa cha barua. Programu inafunguka, kisha kimya, au kichwa cha barua kinaandikwa kwenye dirisha lililokuwa nyuma.

Mashine inakimbia kuliko kompyuta yako. Amri imetuma vitufe kabla programu haijamaliza kufunguka, hasa kama una diski ya zamani ya kuzunguka au RAM ndogo. Dragon ina hatua ya kusubiri. Iweke baada ya kila hatua inayofungua kitu, uanze na sekunde 2 au 3, kisha upunguze ukiona inakwenda. Kama huna hatua ya kusubiri, igawe amri iwe mbili: ya kwanza ifungue, ya pili iandike. Binafsi napendelea hivyo hata pale penye hatua ya kusubiri, maana macho yangu yanajua programu imefunguka na mashine inakisia tu.

Ikiwa amri inafungua faili na sasa haifungui, faili limehamishwa au limebadilishwa jina. Waathirika wakubwa ni wanaoweka kazi kwenye flashi. Leo imepewa herufi E, kesho F, na amri bado inatafuta E. Hamishia faili kwenye folda ya kompyuta yenyewe.

Amri za kubofya mahali fulani kwenye skrini ndizo dhaifu kuliko zote. Dirisha likisogea kidogo, kubofya kunaangukia kwingine. Kila inapowezekana tumia njia za mkato za kibodi.

Maandishi yanatoka yameharibika

Kisa kinachojirudia ni cha WhatsApp ya kwenye kompyuta. Mtu ametengeneza amri inayoandika anwani ya ofisi yenye mistari minne. Kwenye Word inatoka safi. Kwenye WhatsApp mteja anapokea jumbe nne, moja baada ya nyingine. Sababu ni kwamba amri inaandika kwa kubonyeza vitufe, na kila mwisho wa mstari ni Enter, na Enter kule ni kutuma. Tumia kitendo cha kubandika maandishi badala ya kuyaandika. Yakibandikwa yanabaki ujumbe mmoja hadi wewe utume. Kama ni lazima yaandikwe, weka Shift na Enter kati ya mistari.

Kubandika kunatibu pia masahihisho ya lazima. Word iliyopangwa kwa Kiingereza hukimbilia kusahihisha Kiswahili chako kikiandikwa kitufe kwa kitufe. Maandishi yaliyobandikwa huyaacha.

Inajifyatua yenyewe

Redio inaongea, mtu anakohoa, na barua pepe imefunguka. Jina la amri ni fupi mno au ni neno la kila siku: "date", "next", "yes". Lirefushe. Kisha jifunze kuilaza programu kila unapopokea simu au mtu anapoingia chumbani.

Hapa kuna mambo ambayo sikubaliani nayo kabisa. Usitengeneze amri moja inayofuta, kutuma au kulipa bila hatua ya pili ya kuthibitisha. Usihifadhi nywila ndani ya amri. Imekaa pale kama maandishi ya kawaida, na aliye chumbani anaisikia amri na kuirudia. Na amri za skripti ulizopewa na mtu usiyemjua ni programu kamili zinazoendeshwa kwenye kompyuta yako. Kama huwezi kuzisoma, mpe anayeweza kabla ya kuziingiza.

Sauti yako ndiyo inayokosea

Wapo wanaotumia amri siku nzima kwa sababu mikono imeumia, na ikifika jioni mashine haiwatambui. Koo limechoka na sauti imebadilika. Wengi hupaza sauti bila kujua kila mashine inapokosea. Sogeza maikrofoni karibu, shusha sauti, kunywa maji, pumzisha koo mara kwa mara. Sauti ikikauka zaidi ya wiki tatu, au ukiwa na maumivu ya kumeza au damu kwenye makohozi, hilo si la kompyuta tena. Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Amri zote zimepotea

Kwanza angalia umeingia kwa akaunti ipi. Dragon huhifadhi amri kwenye wasifu wa mtumiaji. Ukifungua wasifu mwingine huzioni, ila zipo. Kwenye Voice Control, angalia kama umebadilisha lugha.

Kama ulikuwa unatumia ile Speech Recognition ya zamani iliyokuja na Vista, Voice Access imechukua nafasi yake kwenye Windows 11 tangu Septemba 2024, na amri zako za zamani hazihami zenyewe. Utaziandika upya moja moja.

Dragon na Voice Control ya Mac zinaruhusu kutoa amri zote kama faili. Zitoe leo, weka nakala nje ya kompyuta hiyo, na kabla ya kumpa fundi laptop apige Windows upya, mwambie faili hilo liko wapi.